Mpingo na Tanzanite: Nyota ya Mbali na Sayari Isiyoonekana

Tarehe 17 Desemba 2019, Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, uliokuwa ukiadhimisha miaka 100 tangu kuanzishwa kwake, ulitangaza majina mapya ya nyota na sayari yaliyopendekezwa na wananchi wa nchi 112, kila nchi ikiwa imekabidhiwa nyota moja na sayari inayoizunguka. Tanzania ilipewa nyota iliyokuwa ikijulikana kwa namba ya orodha tu, WASP-71, pamoja na sayari yake, WASP-71b. Nyota ikaitwa Mpingo, kwa kuukumbuka mti wa kusini mwa nchi ambao kiini chake cheusi huchongwa vinyago na kutengenezwa ala za muziki za kupuliza. Sayari ikaitwa Tanzanite, kwa jina la kito kinachochimbwa Mererani, mkoani Manyara. Namba za orodha hazikufutwa, na wanasayansi wanaendelea kuzitumia katika maandishi yao, lakini majina hayo mawili sasa ni rasmi na yanatambulika duniani kote.

Kutoa jina ni kazi nyepesi ikilinganishwa na kuijua sayari yenyewe. Hakuna mtu aliyewahi kuiona Tanzanite, wala hakuna darubini iliyowahi kuipiga picha ikatokea hata kama nukta moja ya mwanga iliyojitenga na nyota yake. Hata hivyo ukubwa wake unajulikana, kiasi cha mada iliyomo ndani yake kinajulikana, muda wake wa kuizunguka nyota unajulikana kwa usahihi wa sekunde chache, na joto lake linaweza kukadiriwa. Yote hayo yamepatikana kwa kuichunguza nyota, wala si sayari, na hapo ndipo penye nguvu na udhaifu wa elimu hii: anayeijua nyota vibaya ataijua sayari vibaya.

Mpingo iko katika kundinyota la Ketusi, umbali wa zaidi ya miaka nuru elfu moja kutoka duniani. Mwaka nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja, yaani takriban kilomita trilioni 9.5, kwa hiyo mwanga wa Mpingo unaopokewa leo uliondoka huko zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Muda huo, ingawa ni mrefu kwa binadamu, haubadilishi chochote cha maana katika maisha ya nyota. Nyota hii haionekani kwa macho matupu, kwa kuwa mng'ao wake ni hafifu zaidi ya mara 50 kuliko wa nyota hafifu kabisa ambazo jicho zima huweza kuzitambua katika usiku wa giza mbali na taa za mjini. Darubini ndogo, hata hivyo, inatosha kuionyesha, na hilo lilikuwa mojawapo ya masharti ya kuzigawa nyota hizo: iwe nyota inayoonekana kutoka katika nchi husika kwa chombo kisicho cha gharama kubwa.

Kwa ukubwa, Mpingo inalizidi Jua. Tungamo lake, yaani jumla ya mada iliyomo ndani yake, ni takriban mara 1.56 ya tungamo la Jua, na kipenyo chake ni zaidi ya mara mbili ya kile cha Jua. Joto la uso wake ni karibu nyuzi 5,800 za Selsiasi, juu kidogo ya joto la uso wa Jua, na kwa sababu uso huo ni mpana, nishati inayotoka humo kwa jumla ni kama mara sita ya ile ya Jua. Kipenyo hicho hakitokani na tungamo peke yake. Nyota huishi kwa kuunguza haidrojeni ndani ya kiini chake kwa njia ya nyuklia, na ile yenye tungamo kubwa huumaliza mtaji wake upesi. Jua limekadiriwa kuishi hivyo kwa takriban miaka bilioni 10, ilhali nyota yenye tungamo kama la Mpingo hufikia ukingoni kati ya miaka bilioni mbili na tatu. Mpingo imefika katika hatua hiyo, na tayari imeanza kuvimba. Ni nyota yenye umri mdogo kuliko Jua kwa hesabu ya miaka, lakini imezeeka zaidi kwa hesabu ya maisha yake.

Ugunduzi wa sayari yake ulitokana na mradi ulioongozwa na vyuo vikuu vya Uingereza na kupewa jina la WASP, ambao vyombo vyake viliwekwa katika vituo viwili: kimoja katika kisiwa cha La Palma, kwenye Visiwa vya Kanari, na kingine Sutherland, katika nyanda kavu za Afrika Kusini. Kinachovutia katika vyombo hivyo ni unyenyekevu wake. Kila kituo kilikuwa na kamera nane zilizofungwa pamoja juu ya mtambo mmoja unaoufuata mzunguko wa anga, na lenzi zake zilikuwa lenzi za kawaida za wapiga picha, zenye upana wa sentimita 11 hivi, zilizonunuliwa dukani badala ya kuundwa kwa agizo maalumu. Usiku baada ya usiku kamera hizo zilipiga picha eneo pana la anga, na kompyuta zikapima mng'ao wa nyota moja moja kati ya mamilioni, zikitafuta nyota ambayo mwanga wake hupungua kidogo sana kwa saa chache, kisha hurudi kama ulivyokuwa, kisha hupungua tena baada ya muda uleule.

Upungufu wa namna hiyo huitwa mpito. Hutokea pale obiti ya sayari, yaani njia yake ya kuizunguka nyota, inapokuwa imelala kiasi kwamba sayari hupita katikati ya nyota na mtazamaji aliye duniani, na hivyo kuziba sehemu ndogo ya uso wa nyota. Mpingo hupoteza chini ya nusu ya asilimia moja ya mwanga wake kwa muda wa takriban saa tano, na jambo hilo hurudi kila baada ya siku 2.9. Kiasi cha mwanga kinachopotea kinaeleza uwiano uliopo kati ya eneo la duara la sayari na eneo la duara la nyota. Kwa hiyo kipenyo cha nyota kikishajulikana, kipenyo cha sayari hupatikana kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari anaiweza. Kwa Tanzanite, hesabu hiyo inatoa kipenyo cha takriban mara 1.46 ya kile cha Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote zinazolizunguka Jua. Makadirio hayo yanaweza kupungua au kuzidi kwa karibu sehemu moja ya kumi, na chanzo kikubwa cha shaka hiyo ni kipenyo cha nyota yenyewe, ambacho ni kigumu kukipima barabara.

Mpito peke yake hautoshi kuthibitisha kwamba kilichopita ni sayari. Kuna nyota ndogo sana zisizozidi ukubwa wa Mshtarii, na kuna magimba ya kati, yenye tungamo kubwa kuliko sayari lakini dogo mno kuunguza haidrojeni kama nyota, ambayo nayo kipenyo chake hukaribia kile cha Mshtarii. Vyote hivyo vingeweza kuziba mwanga kwa kiwango kilekile. Inawezekana pia nyota mbili zinazozungukana huko nyuma kabisa zikawa zimechanganya mwanga wao na wa nyota inayochunguzwa, na kumdanganya mpimaji. Kwa sababu hiyo watafutaji wa sayari hawatangazi ugunduzi mpaka wamelipima tungamo, na kazi hiyo huhitaji chombo cha aina nyingine.

Sayari na nyota huvutana, na ingawa watu husema kwamba sayari huizunguka nyota, kwa kweli zote mbili huzunguka nukta moja ya mizani iliyo kati yao, nukta ambayo huwa karibu sana na kitovu cha nyota kwa kuwa nyota ndiyo nzito. Nyota basi hutikisika kidogo, mara ikisogea kuelekea duniani, mara ikirudi nyuma. Kama vile honi ya basi inayosikika nyembamba basi linapokuja na nzito linapokwisha kupita, mwanga wa nyota inayokaribia husogea kidogo upande wa buluu, na wa nyota inayoondoka husogea upande wa nyekundu. Spektrografu, chombo kinachoutawanya mwanga katika rangi zake, huonyesha mistari myembamba ya giza iliyoachwa na elementi zilizomo katika angahewa ya nyota, na kwa kufuata kusogea kwa mistari hiyo mwendo wa nyota hupimwa. Spektrografu iitwayo CORALIE, iliyofungwa kwenye darubini ya Waswisi huko La Silla, katika milima ya Chile, ilionyesha kwamba Mpingo hutikiswa kwa kasi inayofikia takriban mita 240 kwa sekunde. Mshtarii hulitikisa Jua kwa mita 12 hivi tu kwa sekunde. Kutokana na kipimo hicho tungamo la Tanzanite lilikadiriwa kuwa mara 2.24 ya lile la Mshtarii, sawa na Dunia zaidi ya 700, na shaka juu ya usayari wake ikaondoka.

Hata hivyo njia ya mtikisiko nayo inaweza kupotosha. Kenya, katika shughuli ileile ya 2019, ilipata nyota HD 83443 katika kundinyota la Tanga, umbali wa takriban miaka nuru 133, ambayo iliitwa Kalausi. Sayari yake ikaitwa Buru. Majina yote mawili ni ya Kijaluo, la kwanza likiwa la kimbunga cha upepo unaozunguka na la pili likiwa la vumbi. Buru ilipatikana mwaka 2000 kwa njia ya mtikisiko wa nyota pekee, nayo pia huizunguka nyota yake kwa muda usiotimia siku tatu. Mwaka huohuo ilitangazwa kwamba Kalausi ina sayari ya pili yenye mzunguko wa siku 30 hivi, lakini vipimo vilivyofuata havikuiona, na dai hilo likaachwa. Kisa hicho kinastahili kukumbukwa na msomaji yeyote anayesoma habari za sayari mpya magazetini, kwa maana mtikisiko wa mita chache kwa sekunde unaweza kutokana na nyota yenyewe au na chombo cha kupimia, na sayari inayodaiwa isionekane tena.

Tungamo na kipenyo vikishapatikana, densiti hufuata, yaani wingi wa mada katika ujazo fulani. Densiti ya Tanzanite ni takriban asilimia 70 ya ile ya Mshtarii, karibu sawa na ya maji. Kwa hiyo haiwezi kuwa gimba la mawe wala la chuma. Ni mpira mkubwa wa gesi, hasa haidrojeni na heli, usio na ardhi ambayo mtu angeweza kuikanyaga. Lakini densiti hiyo inaleta swali gumu. Nadharia inasema kwamba sayari ya gesi yenye tungamo mara mbili ya Mshtarii ingepaswa kuwa na kipenyo kinachokaribiana na kile cha Mshtarii, kwani uzito unaoongezeka huikandamiza gesi ya ndani na kuifanya ishikamane zaidi. Tanzanite imevimba kupita kiasi hicho, na ndivyo zilivyo sayari nyingi za aina yake. Wataalamu wanakubaliana kwamba joto la nyota linahusika, kwa sababu sayari zinazopokea mwanga mkali ndizo zinazovimba, lakini namna joto hilo linavyopenya hadi kina kirefu bado inabishaniwa: wapo wanaotaja mikondo ya umeme inayozalishwa na upepo wa gesi moto unapokatiza uga wa sumaku wa sayari, na wapo wanaotaja upepo wenyewe kuisukuma nishati kuelekea chini.

Joto hilo si la kawaida. Tanzanite iko umbali wa takriban kilomita milioni 7 kutoka katika kitovu cha nyota yake, ilhali Utaridi, sayari iliyo karibu zaidi na Jua, iko kilomita milioni 58. Mwanga unaoipiga ni mkali karibu mara 3,000 kuliko ule ambao Dunia hupokea kutoka katika Jua, na kama joto lingesambaa sawasawa pande zote, wastani wake ungekuwa nyuzi 1,780 za Selsiasi, kiwango kinachoyeyusha chuma. Kito cha tanzanite kinachouzwa madukani mara nyingi hupashwa moto wa nyuzi 500 na kitu ili rangi ya kahawia itoweke na buluu ijitokeze. Katika sayari iliyopewa jina lake kisingesalimika. Aidha, sayari iliyo karibu hivyo na nyota inatarajiwa kuwa imefungwa na mvutano, maana yake upande mmoja huielekea nyota daima na upande wa pili hubaki gizani daima. Kutoka juu ya mawingu ya upande wa mchana, Mpingo ingeonekana kuwa pana karibu mara 50 kuliko Jua linavyoonekana kutoka duniani, na isingechomoza wala kutua.

Sayari za namna hii huitwa Mshtarii moto, na kuwepo kwake kuliwashangaza wanaastronomia wenyewe. Ya kwanza iliyothibitishwa kuzunguka nyota inayofanana na Jua ilitangazwa mwaka 1995 na Michel Mayor na Didier Queloz, Waswisi waliokuwa wakiichunguza nyota 51 Pegasi kutoka kituo cha Haute-Provence huko Ufaransa. Mzunguko wake ni wa siku 4.2, na ugunduzi huo uliwapatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 2019. Kabla ya hapo iliaminika kwamba sayari kubwa za gesi hukaa mbali na nyota, kama Mshtarii na Zohali zilivyo, kwa sababu ni huko kwenye baridi ambako barafu huongeza mada ngumu ya kujenga kiini kikubwa cha kutosha kuivuta gesi. Sababu hiyo haijakataliwa. Kinachoaminiwa na wengi sasa ni kwamba sayari hizo zilizaliwa mbali, kisha zikahama, ama kwa kuburutwa polepole ndani ya sahani ya gesi na vumbi iliyoizunguka nyota changa, ama kwa kusukumwa na mvutano wa gimba jingine hadi kwenye obiti ndefu na nyembamba ambayo baadaye ilijikunja karibu na nyota.

Njia hizo mbili zinapaswa kuacha alama tofauti. Sayari iliyohama kwa utulivu ndani ya sahani ingetarajiwa kuzunguka upande uleule ambao nyota hujizungusha, wakati iliyosukumwa kwa nguvu inaweza kuwa na obiti iliyoinama, au hata inayokwenda kinyume, kama ilivyobainika mwaka 2009 kuhusu sayari WASP-17b. Alama hiyo hutafutwa wakati wa mpito. Nyota inapojizungusha, nusu yake moja hukaribia dunia na nusu ya pili huondoka. Sayari ikiiziba kwanza nusu inayokaribia, mwanga uliobaki huonyesha kana kwamba nyota nzima inaondoka, na ikihamia upande wa pili dalili hiyo hugeuka. Jambo hili lilielezwa mwaka 1924 na Richard Rossiter na Dean McLaughlin, waliokuwa wakichunguza nyota pacha huko Marekani, na Rossiter alikuja baadaye kufanya kazi miaka mingi kwenye kituo cha Bloemfontein, Afrika Kusini. Kwa Tanzanite, mwinamo uliopimwa ni nyuzi 20 hivi, na shaka ya kipimo ni karibu nyuzi 10, kwa hiyo wagunduzi waliiweka katika kundi la sayari zilizonyooka. Walikiri pia kwamba mwinamo huo ni ule tu unaoonekana juu ya anga, na kwamba mwinamo halisi unaweza kuwa mkubwa zaidi. Kusema kwamba sayari hii ilihama kwa amani ni kusema zaidi ya ushahidi uliopo.

Mwisho wake, kinyume na mwanzo, hauna utata mwingi. Umbali kutoka katika kitovu cha Mpingo hadi kwa Tanzanite ni kama mara nne na nusu tu ya nusukipenyo cha nyota, na nyota inaendelea kuvimba kuelekea kuwa jitu jekundu, hatua ambayo kipenyo huongezeka mara nyingi zaidi ya hapo. Sayari itamezwa. Huenda ikaanza kuanguka hata kabla ya hapo, kwa sababu mvutano wake huinua mawimbi ya kujaa na kupwa katika gesi ya nyota, na mawimbi hayo yanaweza kuupunguza mwendo wa sayari katika obiti. Kwa sayari nyingine iliyogunduliwa na mradi huohuo, WASP-12b, kuanguka huko kumepimwa tayari: mzunguko wake, ambao ni wa siku moja na saa chache, hufupika kwa takriban milisekunde 29 kila mwaka.

Kipimo kama hicho hakihitaji darubini ya angani. Kinachohitajika ni kuandika kwa uangalifu saa ambayo mpito ulianza na kuisha, tena na tena kwa miaka, na darubini ya wastani yenye kamera ya kidijitali na saa sahihi inatosha kwa nyota yenye mng'ao wa Mpingo. Nyota hii iko chini ya nyuzi moja kutoka katika ikweta ya anga, hivyo hupita karibu na utosi kwa mtazamaji wa Kampala, Nairobi au Mwanza, saa sita usiku mwishoni mwa Oktoba na saa tatu usiku mwanzoni mwa Desemba, mvua za vuli zikiruhusu. Mipito mingine hutokea wakati Chile bado ni mchana na Afrika Mashariki ni usiku tayari. Idara za fizikia za vyuo vikuu vya eneo hili, pamoja na klabu za astronomia za shule, zina kila sababu ya kuianza kazi hiyo, na Oktoba, kabla mawingu hayajatanda, ndio mwezi wa kuanzia.